Watoto wa Davenport: hadithi ya kigugumizi niliyoisimulia vibaya

Wa kwetu alikuwa mkali wa hesabu. Kidato cha pili, mkondo B, dawati la tatu upande wa dirishani. Zamu ya kusoma kwa sauti ikianzia mbele, unamwona kabisa anahesabu: bado wanne, bado watatu, bado mmoja. Ikimfikia anasimama, anafungua mdomo, na neno linagoma. Darasa linaanza kucheka chini chini. Mwalimu naye, kwa nia njema kabisa, anasema: "Vuta pumzi. Rudia. Taratibu." Anarudia, na hali inakuwa mbaya zaidi. Tulimpa jina la utani ambalo sitaliandika hapa. Ndiyo, na mimi nilicheka.

Nadhani na wewe msomaji unaye wa kwenu.

Miaka kumi na ushee baadaye nilikuwa nasoma uzamili wa isimu, nikapangiwa kuwasilisha mada kwenye semina. Nikachagua kisa kinachopendwa sana na watu wanaozungumzia matatizo ya usemi shuleni. Nilikisimulia hivi: mwaka 1939, jimbo la Iowa, Marekani, watafiti waliwachukua watoto yatima waliokuwa wanaongea vizuri tu, wakawaambia wana kigugumizi, na kweli wakawa na kigugumizi maisha yao yote. Chumba kizima kilinyamaza. Nikakaa nimeridhika. Mwalimu wangu akaniuliza swali moja tu: "Umeangalia takwimu zenyewe?"

Sikuwa nimeziangalia. Niliyokuwa nayo ni ya kuokota huku na huku. Basi chukulia makala hii ni jibu langu lililochelewa.

Tuanzie nyuma kidogo, maana bila hilo huwezi kuelewa kwa nini mtu mwenye akili timamu angefanya jaribio kama lile. Kwa karne nyingi watu waliamini kwamba kosa liko kwenye ulimi. Mwaka 1841 daktari bingwa wa upasuaji wa Berlin, Johann Friedrich Dieffenbach, alianza kuwatibu wenye kigugumizi kwa kukata kipande cha misuli kwenye shina la ulimi. Dawa ya usingizi wa kufanyiwa upasuaji ilikuwa bado miaka mitano ianze kutumika hadharani. Wapo waliojipanga kukatwa, jambo linalokuonyesha mateso yalifikia wapi. Kigugumizi kilirudi palepale.

Miaka ya 1920 Chuo Kikuu cha Iowa kikawa kitovu cha utafiti wa usemi Marekani. Samuel Orton, daktari wa akili, na Lee Edward Travis waliamini kwamba nusu mbili za ubongo zinagombea usukani. Kawaida nusu moja inatawala na midomo inafuata amri yake. Ikiwa hakuna inayotawala, amri zinagongana na mtu anakwama. Kwa hiyo waliwashuku sana watoto wa mkono wa kushoto waliolazimishwa kutumia wa kulia. Ilikuwa nadharia nzuri kwa maana moja: ilisema jambo linaloweza kupimwa.

Mwaka 1926 akafika chuoni hapo kijana wa kutoka Kansas aitwaye Wendell Johnson. Alikuwa na kigugumizi kizito, na alikuja kutafuta tiba kabla ya kutafuta shahada. Wakamfunga mkono wa kulia kwenye plasta ngumu, kama mtu aliyevunjika, ili alazimike kutumia wa kushoto na ubongo ujipange upya. Haikusaidia. Johnson akaanza kujiuliza kama jibu lina uhusiano wowote na mkono au ubongo. Yeye alianza kukwama akiwa na miaka mitano au sita, na kabla ya hapo kulikuwa na mwalimu aliyewaambia wazazi wake kwamba mtoto anaanza kigugumizi.

Hapo ndipo wazo lake lilipozaliwa. Kila mtoto mdogo anarudiarudia maneno anapojifunza kusema. Hiyo ni kawaida, kaa na mtoto wa miaka mitatu dakika kumi utasikia. Sasa, akasema Johnson, anatokea mtu mzima mwenye wasiwasi anakipa kitu hicho jina. Mtoto anaanza kuogopa mdomo wake mwenyewe, anajitahidi asikwame, na juhudi hiyo ndiyo inayomkwamisha. Yaani ugonjwa unaletwa na anayeutambua.

Unaona uzuri wake? Ni wazo linaloondoa aibu kwa mtoto. Tatizo ni kwamba aibu ile haikupotea, ilihama. Tutaona ilikokwenda.

Wazo lilihitaji ushahidi, na mwishoni mwa mwaka 1938 Johnson alimkabidhi mwanafunzi wake Mary Tudor kazi ya kuutafuta. Tudor alikuwa na miaka 22, na hii ilikuwa tasnifu yake ya uzamili. Naomba hilo ulishike. Ukisoma kisa hiki ukiwa wewe mwenyewe umekaa mbele ya msimamizi anayekuambia "hii mada ni nzuri, ianze", unapunguza kidogo kasi ya kurusha mawe.

Mahali palipochaguliwa ni nyumba ya yatima ya jimbo iliyokuwa mji wa Davenport, kama kilomita 90 kutoka chuoni. Ilianzishwa kwa ajili ya watoto wa askari waliokufa kwenye Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, lakini kufikia miaka ile ya ugumu wa uchumi ilikuwa na watoto wa kila namna, wengine wazazi wao wako hai ila hawana cha kuwalisha. Chuo kilikuwa kimezoea kufanya utafiti pale. Watoto wapo, wanalala mahali pamoja, na hakuna mzazi wa kuuliza maswali. Sidhani kama kuna haja ya kueleza zaidi kwa nini wao.

Tudor na wenzake waliwapitia watoto 256 wakachagua 22. Kumi walikuwa tayari wanahesabiwa na walimu na walezi kuwa na kigugumizi. Kumi na wawili walikuwa wanaongea kawaida. Kila kundi likagawanywa nusu kwa nusu. Kati ya wale kumi, watano wakaambiwa kwamba usemi wao hauna shida na wasijali wanaosema vingine. Watano wakaambiwa shida ipo kweli. Kati ya wale kumi na wawili, sita wakasifiwa. Sita waliobaki, wadogo kabisa wakiwa na miaka mitano na mkubwa kumi na mitano, wakaambiwa kwamba wameanza kuonyesha dalili za kigugumizi, kwamba lazima wajizuie mara moja, na kwamba heri wasiseme kitu kama hawawezi kukisema sawasawa. Walimu na walezi nao wakaambiwa wawasikilize watoto hao kwa makini na kuwasahihisha kila wanapojikwaa. Watu wazima hawa nao walidanganywa. Waliamini wanasaidia.

Kazi ilianza Januari 1939 ikaisha Mei. Aliyoyaandika Tudor kuhusu wale sita ni magumu kusoma. Mtoto wa miaka mitano, aliyekuwa anaongea bila shida mwezi mmoja kabla, ikawa kazi kumtoa neno. Wengine walianza kukataa kusoma kwa sauti darasani, na kazi zao za shule zikashuka. Binti mkubwa alianza kujazia sauti fupi kati ya maneno na kubofya vidole. Alipoulizwa kwa nini anatia ile sauti, alijibu kwamba anaogopa hataweza kulisema neno linalofuata. Alipoulizwa vidole je, akasema alikuwa anaogopa kwamba ataitoa tena ile sauti.

Soma tena jibu la pili. Woga wa kuonekana unaogopa.

Sasa tuje kwenye takwimu, zile nilizoulizwa semina. Waamuzi watano waliwapima watoto mwanzo na mwisho wa jaribio, kwa mizani ya moja hadi tano. Ukiangalia wale sita walioambiwa wana kigugumizi: wawili ufasaha wao ulipanda kidogo, wawili haukubadilika, wawili ulishuka kidogo. Kundi la waliosifiwa lilikuwa na matokeo yanayokaribiana na hayo. Kwa kipimo cha Johnson mwenyewe, nadharia ilishindwa. Mwaka 2002 Nicoli Ambrose na Ehud Yairi wa Chuo Kikuu cha Illinois walizichambua upya data zote na kufikia hitimisho kwamba hakuna mtoto aliyegeuzwa kuwa na kigugumizi. Kilichoonekana wazi ni watoto waliojifunza kujiogopa na kunyamaza.

Ukiuliza mimi nilikosea wapi semina, ni hapo. Nilisema walitengenezwa kigugumizi. Hawakutengenezwa. Na usidhani nasema hivyo kupunguza uzito wa kosa. Mtoto wa miaka mitano aliyekuwa anapiga soga na sasa hasemi, amenyang'anywa kitu, hata kama waamuzi watano hawana namba ya kukiandikia.

Tasnifu iliwekwa kwenye maktaba ya chuo na haikuchapishwa kokote. Wenzake Johnson waliibatiza jina la Jaribio la Zimwi, na inasemekana walimshauri anyamaze, hasa baada ya dunia kujua Wanazi walivyowafanyia binadamu majaribio. Tudor mwenyewe alirudi Davenport mara tatu baada ya kazi kuisha, kujaribu kuwaambia wale sita kwamba hawana shida yoyote. Mwaka 1940 alimwandikia Johnson kwamba anaamini watapona kadiri muda unavyokwenda, ila kwa hakika wamewaachia alama.

Hapa sasa ndipo ninapokasirika kidogo, naomba uniwie radhi. Kuficha lile jaribio kulilinda jina la mtu, sawa, lakini kulilinda pia nadharia. Mwaka 1942 Johnson alichapisha kazi iliyoieneza, akaendelea kuitetea kwa vitabu, na alijua kuandika, anavutia. Aliandika hata barua ya wazi kwa mama wa mtoto mwenye kigugumizi, ya upole sana, akimshauri alegeze viwango na asimtilie mtoto maanani anapokwama. Wazo likaenea vyuoni na kwenye zahanati za usemi kwa miongo kadhaa. Ukiisoma barua ile leo unaiona ile aibu ilikohamia. Kama kigugumizi kinaanzishwa na anayekitaja, basi mama ndiye aliyekianzisha. Kizazi baada ya kizazi cha wazazi walilala wakijiuliza ni siku gani walisema neno gani. Na kipimo kilichoelekeza kwamba wazo lina kasoro kilikuwa rafuni, kwenye chuo kilekile.

Johnson alitafuta ushahidi mwingine mbali. Wanafunzi wake walikwenda kwa Wabannock na Washoshone, wenyeji asilia wa Idaho, wakarudi na habari kwamba hawana watu wenye kigugumizi wala hawana neno la kukiita. Mwaka 1944 akaandika insha juu ya hilo. Hoja ikawa tamu: pasipo na neno, hapana ugonjwa. Baadaye wengine walikwenda kuuliza vizuri zaidi, wakakuta neno lipo na watu wapo.

Laiti angetuuliza sisi. Kiswahili kina neno ambalo ukilitamka tu unasikia mtu anakwama: ki-gu-gu-mizi. Na tazama vituko vya historia: mwaka uleule wa 1939 ilitoka kamusi sanifu ya Kiswahili kwa Kiingereza iliyosimamiwa na Frederick Johnson (si ndugu, ni jina tu), na kigugumizi kimo. Kitembe nacho kimo, kwa sababu wazee wetu hawakuchanganya aliyekwama na asiyeweza kutamka sauti fulani, kosa ambalo walimu wengi leo wanalifanya.

Siri ilikaa hadi Juni 2001, gazeti la San Jose Mercury News lilipoandika kisa kizima. Watoto wa Davenport, sasa wazee, ndipo walipojua kwamba waliwahi kuwa kwenye jaribio. Chuo kiliomba radhi mwaka huohuo. Kesi ikafunguliwa, na mwaka 2007 jimbo la Iowa likakubali kulipa dola 925,000.

Kigugumizi chenyewe kinatoka wapi basi? Leo tunajua kwamba mara nyingi huanza kati ya miaka miwili na mitano, kwamba takribani mtoto mmoja kati ya ishirini hukipitia, na kwamba wengi wao, kama robo tatu, hukiacha bila kubaki nacho ukubwani. Wanaume wanabaki nacho kuliko wanawake. Kinatembea kwenye koo. Mwaka 2010 timu ya Dennis Drayna, ikianza na familia za Pakistani, ilitangaza mabadiliko kwenye jeni tatu zinazohusika na kazi ya kusaga na kuchakata taka ndani ya seli. Miaka mitano baadaye ikaongezwa ya nne, iliyofuatiliwa kwenye ukoo mmoja mkubwa wa Kamerun. Jeni hizo zinaeleza sehemu ndogo tu ya wagonjwa, lakini picha za ubongo nazo zinaonyesha tofauti kwenye njia zinazounganisha maeneo ya kusikia na ya kupanga matamshi, hata kwa watoto wadogo. Orton na Travis, pamoja na plasta zao, walikuwa karibu na mlango kuliko Johnson.

Nisimwonee, lakini. Johnson aliwatetea wenye kigugumizi wakati wengine waliwaona mazuzu, na wengi waliotibiwa kwake walimpenda hadi kifo chake mwaka 1965. Pia alikuwa na nusu ya ukweli. Woga hauleti kigugumizi, ila ukishakuwa nacho, woga unakizidisha. Mtu anaanza kukwepa maneno, simu, mwisho anakwepa watu.

Kuna jambo la mwisho kutoka Iowa ambalo watu hawaliunganishi na hadithi hii, nami naona linahusika. Mwaka 1997 Bruce Tomblin na wenzake, chuo kilekile, walichapisha uchunguzi wa zaidi ya watoto 7,000 wa chekechea. Hawakutafuta kigugumizi. Walitafuta ugumu wa lugha yenyewe: mtoto anayesikia vizuri, mwenye akili ya kawaida, lakini sentensi hazimkai, hadithi hawezi kuipanga, maelekezo marefu yanampotea. Walikadiria asilimia 7.4. Yaani kwenye darasa la watoto 50, watatu au wanne. Na kati ya wazazi wa watoto waliobainika, asilimia 29 tu ndio waliokuwa wamewahi kuambiwa kwamba mtoto ana tatizo la usemi au lugha.

Umeona kinyume chake? Mwaka 1939 watu walikuwa wanawapa jina watoto wasio na shida. Mwaka 1997 wenye shida hawana jina, maana ugumu wa lugha hauna kelele. Kigugumizi kinasikika hadi barabarani. Huyu mwingine anakaa kimya, anaitwa mvivu, au mzito.

Hapa kwetu kuna kona ya ziada. Mtoto anamaliza darasa la saba kwa Kiswahili, anaingia kidato cha kwanza kwa Kiingereza, ananyamaza. Utajuaje ni lugha mpya au ni ugumu wa lugha? Kanuni wanayotumia wataalamu ni rahisi kuieleza: ugumu halisi wa lugha unajitokeza kwenye kila lugha ambayo mtoto anaitumia. Kama nyumbani anasimulia mpira wa jana mwanzo hadi mwisho kwa Kisukuma au Kiswahili, na darasani hana neno, tatizo haliko kwake. Kama hata nyumbani sentensi zinamkatikia, mtafutie msaada. Kwa hiyo mwalimu anayetaka kujua lazima aulize nyumbani, na aulize kwa lugha ya nyumbani. Kumsikiliza tu darasani hakutoshi.

Wakati naandika haya nilimtafuta yule mkali wa hesabu. Anafundisha sekondari sasa, hesabu bado. Nilimwomba radhi kwa lile jina, akacheka, akasema kicheko alishakizoea. Kilichokuwa kinammaliza ni ile "vuta pumzi". "Pumzi nilikuwa nayo, dada," akaniambia, na neno "pumzi" likamchukua muda, nami nikasubiri. Darasani kwake hakuna kusoma kwa zamu. Anayetaka anainua mkono, na anayekwama anaachwa amalize mwenyewe.

Nikamsimulia habari za Davenport, safari hii vizuri. Akauliza kama kuna mtu aliyewahi kuwarudia wale sita kuwaambia kwamba walikuwa wazima. Nikamwambia Tudor alirudi, mara tatu. Kwamba lilikuwa jaribio, walikuja kulijua baada ya miaka 62.